Tunaowapa wazee dawa ya ugonjwa wa kusahau tuelezwe inafanya nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na madaktari, wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa wa hapa Kilimanjaro, na majirani zetu wa Arusha pia, kuhusu donepezili, dawa ya ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer. Sina ugomvi na dawa yenyewe. Ninachodai ni kwamba yule anayeishika mkononi kila siku na kumpa mgonjwa, ambaye mara nyingi ni binti, mkwe au dada wa kazi, aelezwe kwa Kiswahili inafanya nini, haifanyi nini, na akiona dalili gani akimbie hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki. Yasiposemwa hayo, wapo wanaoacha dawa inayomsaidia mzee wao, na wapo wanaoendelea kumpa dawa inayomdhuru.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Namtunza mama mkwe wangu ambaye amepita miaka 75. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo dawa za mama ziko mikononi mwangu. Tulimshusha kutoka Kibosho ilipoonekana hawezi tena kukaa peke yake kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Alikuwa anatoka asubuhi kumkatia majani ng'ombe aliyeuzwa zamani. Akiwasha moto jikoni anaondoka zake. Siku aliyoniuliza mimi ni binti wa nani, mimi niliyeolewa kwake nikiwa msichana, ndipo mume wangu alipokubali twende hospitali.

Majirani walisema ni uzee tu. Wengine walisema maneno mabaya zaidi, ambayo wazee wetu wa kike wanayajua na sitayarudia hapa. Mwanamke ambaye kupitia kwake ugonjwa huu ulijulikana, Auguste Deter, alipofikishwa hospitali ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 alikuwa na miaka 51. Huo si uzee. Alipofariki, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, na mwaka 1906 akawaeleza wenzake uharibifu alioukuta ndani yake. Na asidhani mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipopita vijijini Hai, hapo jirani yetu, walikuta kwamba kati ya watu wenye miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, yaani kundi la magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na akili ambalo Alzheimer ni mojawapo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Hesabu wazee wa ukoo wako, utaona kwamba si jambo la mbali.

Kwa daktari tulihudumiwa vizuri, na nashukuru. Kabla ya kutaja Alzheimer alipima damu kuangalia sukari, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, akauliza kama mama amewahi kuanguka na kujigonga kichwa, akauliza kama ana huzuni tangu afiwe na mumewe. Alitueleza kwamba yote hayo yanaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na kila moja lina matibabu yake. Mtu akipewa dawa ya Alzheimer bila kuangaliwa hayo, anaweza kuendelea kuumwa ugonjwa ambao ungetibika.

Shida ilianzia dirisha la dawa. Tulipewa donepezili ya miligramu 5, kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa 1x1 na neno jingine lisilosomeka. Nikamwuliza kijana aliyekuwa anatoa dawa, "Kaka, hii inamfanyia nini?" Akasema, "Ni ya kumbukumbu, mpe moja usiku," akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, namwelewa. Lakini jibu lile ndilo nililolibeba nyumbani, nikampa mume wangu, nikampa na wifi yangu aliyeko Dar es Salaam ambaye ndiye anayelipia dawa. Sote tukakaa tukisubiri kumbukumbu za mama zirudi.

Badala yake mama akaanza kutapika na kuharisha. Mtori wake, ambao hata akiwa mgonjwa wa malaria hakuwahi kuukataa, akawa anausukuma pembeni. Usiku anaamka akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, anatafuta watoto ambao sasa ni watu wazima wenye familia zao. Wifi akapiga simu: "Wifi, achaneni na hiyo dawa, mtatuulia mama." Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo kama mchanga.

Nilirudi hospitali siku isiyo ya kliniki, nikakaa hadi nesi mmoja, mama mtu mzima, alipomaliza wagonjwa wake akanisikiliza. Nitaandika aliyonieleza kwa sababu ndiyo yaliyopaswa kusemwa siku ya kwanza, na najua kuna wanaosoma gazeti hili wakiwa na bahasha kama ile kabatini.

Alisema hivi. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Moja ya kemikali hizo, inayohusika sana na kumbukumbu na umakini, inaitwa asetilikolini. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, seli zinazoitengeneza zinakufa kidogo kidogo, kwa hiyo inapungua. Tena kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja ikishafikisha habari. Donepezili inakizuia kimeng'enya hicho ili ile kidogo iliyobaki idumu muda mrefu zaidi. Nesi yule ni mtu wa Marangu, akanipa mfano wa mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka mlimani. Chanzo kinakauka na hakuna wa kukizuia kisikauke. Unachoweza ni kuziba mahali maji yanapovujia njiani, ili yale machache yafike kihambani.

Kwa maneno mengine, dawa hii haiponyi na haizuii seli kufa. Wanasayansi walipoipima kwa miezi sita, wagonjwa walioitumia waliwazidi wasioitumia kwa alama kama 2 au 3 tu, katika kipimo cha kumbukumbu chenye alama 70. Wengine hupata nafuu inayoonekana, wengine hubaki pale pale kwa muda badala ya kushuka, na wengine haiwasaidii kabisa. Ningeambiwa hivyo dirishani, nisingempa wifi tumaini la uongo.

Akaniambia pia kwamba asetilikolini haiko kichwani peke yake. Inafanya kazi tumboni, kwenye moyo, kwenye mapafu na kwenye kibofu. Ukiizuia isivunjwe, inaongezeka huko kote. Hapo ndipo kutapika na kuharisha kulipopata maelezo: tumbo lilikuwa linasukumwa kufanya kazi zaidi ya kawaida yake. Kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya wiki chache, na ndiyo sababu mgonjwa huanza na miligramu 5, hukaa nazo wiki 4 hadi 6, na daktari ndipo huamua kama apande hadi 10. Wapo wanaopandishwa haraka kwa sababu ndugu wana haraka, na tumbo ndilo linaloumia. Kuhusu ndoto za usiku, daktari alikubali mama ahamishiwe asubuhi badala ya jioni. Ndoto zikapungua, na nyumba nzima ikaanza kulala.

Nikaulizia mapigo ya moyo, maana mama ana presha. Hili naomba lisomwe kwa makini. Donepezili inaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi mtu akazirai. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, nazo hupunguza mapigo. Mzee anayetumia zote mbili akiinuka kitandani akaanguka, familia itasema ameteleza. Nesi alinifundisha kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima nikiangalia saa ya ukutani. Yakishuka chini ya 50, au mama akizirai au akiona kizunguzungu kila akisimama, simpi kidonge kingine kabla hajaonwa na daktari. Mzee mwenye vidonda vya tumbo au pumu, au anayepata shida kukojoa, daktari ajue kabla ya kuandika cheti. Diklofenaki na dawa nyingine kama hiyo za maumivu ya magoti, ambazo wazee wetu wanazimeza kama karanga, zikikutana na donepezili zinaongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna jambo la mafua. Msimu wa baridi mama alipata mafua na kikohozi, tukaenda duka la dawa la mtaani. Sitalitaja. Wakatupa Piriton na dawa ya maji ya kikohozi bila kuuliza mgonjwa ana miaka mingapi wala anatumia nini. Kesho yake mama alikuwa kama mtu mwingine. Hawezi kushika kijiko, anaongea na ukuta, mkojo umegoma kutoka. Niliambiwa kliniki kwamba Piriton inaziba njia ile ile ambayo donepezili inajaribu kuifungua. Kwa hiyo tunanunua dawa moja kwa pesa nyingi, halafu kidonge cha bei ya pipi kinaifuta kazi yake yote na kumchanganya mzee juu yake. Phenergan, dawa nyingine ya mzio, ni hivyo hivyo, na amitriptilini, ambayo wazee wengi hupewa kwa ajili ya usingizi au ganzi ya miguu. Nauliza wenye maduka ya dawa: ni kazi kubwa kiasi gani kuuliza, "Mama, mgonjwa ana umri gani, na anatumia dawa gani nyingine?" Ni sekunde chache. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi si Alzheimer iliyoongezeka. Ni dawa, au ni maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji. Atafutiwe sababu haraka.

Sasa niseme na faida, maana watu wataniuliza kwa nini naendelea kuinunua. Kibarazani ninaposhonea kuna kopo la vifungo. Kabla ya dawa, mama nikimpa kopo lile analishika tu. Miezi michache baada ya kuanza, na tumbo limetulia, akaanza kutenga vifungo kwa rangi: vyeupe vya sare za shule huku, vyeusi vya suruali kule, vya dhahabu vya magauni ya harusi anavificha kwenye pindo la kanga yake. Anafunga sweta lake mwenyewe, kifungo cha juu hadi cha mwisho. Kanisani anaimba nyimbo za zamani na kuitikia mahali pake. Jina langu halijarudi. Ananiita "mama" na mimi naitika. Kwa binti yake aliyeko Dar, ambaye anasikia tu kwenye simu kwamba mama hamkumbuki, hayo ni madogo. Kwangu mimi ninayemvalisha, sweta lile ni nusu saa ya vuta nikuvute niliyopunguziwa kila asubuhi.

Wifi bado anauliza: kama haponi, tunalipia nini? Ni haki yake kuuliza, pesa ni zake. Nilimwuliza daktari swali hilo hilo mbele ya mume wangu, akatueleza utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012. Walichukuliwa wagonjwa 295 wa Alzheimer ambao hali yao ilikuwa imeshakuwa ya kati au mbaya, na ambao tayari walikuwa wanatumia donepezili. Baadhi waliendelezwa nayo, wengine waliachishwa bila kujua, wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka ulipoisha wote walikuwa wamerudi nyuma, lakini walioachishwa walirudi nyuma zaidi. Kwa hiyo kuona mgonjwa anaendelea kupungua hakutoshi kusema dawa haifanyi kazi. Wakati huo huo daktari hakusema itumike milele. Ikimkondesha, ikimsumbua moyo, au ikifika mahali haionekani kumsaidia kwa lolote, yeye ataipunguza taratibu huku tukimwangalia. Uamuzi huo unafanyika kliniki, familia ikiwepo. Usifanyike kwa simu kutoka Dar es Salaam, na wala usifanyike kwa sababu pesa ya mwezi imechelewa. Siku moja ikirukwa si balaa, maana dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama saa 70 kupungua nusu. Usimpe viwili kufidia. Ila ikikatika zaidi ya wiki, uliza kwanza, kwa sababu huenda akahitaji kuanza upya na dozi ndogo.

Kwa kuwa watu wanaona mama anaimba kanisani, wanakuja kuniomba. Jirani mmoja aliniomba vidonge vichache akamjaribishie babu yake, ambaye alipata kiharusi na sasa anasahau. Sikumpa. Kusahau kwa sababu ya kiharusi si ugonjwa huu, na mapigo ya moyo ya babu yule hakuna aliyeyapima. Nilimwelekeza wapi aende. Wengine wananitumia kwenye simu habari za dawa mpya za dripu za Marekani. Ipo inayoitwa lekanemabu, iliidhinishwa huko mwaka 2023 kwa wagonjwa walio mwanzoni kabisa. Inahitaji mgonjwa apigwe picha za ubongo kwa mashine ya MRI mara kwa mara, kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, nayo pia haiponyi. Mama yetu ameshaipita hatua hiyo. Iliyo karibu zaidi naye ni memantini, ambayo hutolewa ugonjwa ukiwa wa kati au mkali, peke yake au pamoja na donepezili. Daktari akiona wakati umefika atatuambia.

Ombi langu ni kwa Baraza la Famasi, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na Wizara ya Afya. Kila boksi la dawa hii linalotolewa liambatane na karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 60 anazisoma bila miwani, maana watunzaji wengi nao si vijana. Iseme dawa hii inapunguza makali na haiponyi. Iseme kuhusu tumbo, ndoto, mapigo ya moyo, kuzirai, kukonda na kinyesi cheusi. Itaje kwa majina dawa za dukani za kuepuka, Piriton ikiwa ya kwanza. Iseme mgonjwa akipelekwa kupasuliwa, mtaalamu wa usingizi aambiwe anatumia donepezili, kwa sababu inagongana na baadhi ya dawa za nusu kaputi. Na pale chini pabaki nafasi ya namba ya simu ya kliniki. Hospitali yoyote yenye mashine ya kutoa kopi inaweza kuanza wiki hii bila kusubiri mwongozo kutoka Dodoma.

Mimi niko tayari kuisoma rasimu kabla haijachapwa na kusema wapi haieleweki. Nawajua akina mama wa Majengo na Soweto, hapa hapa Moshi, wanaotunza wazee wenye ugonjwa huu ambao watakaa nami kuisoma, na kibaraza changu kina mabenchi ya kutosha. Mtaalamu atakayekuwa tayari amwombe mhariri, ana namba yangu.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi
(jina limehifadhiwa)